Tairi la Nyuma, Kulia

Mwenye kicheko akicheke sasa, maana baadaye hatapata nafasi. Habari hii ilianza kwa jambo la kuchekesha kabisa: kitaa cha manjano, kipana kama ukucha, kilichowaka kwenye dashibodi ya gari la Nasuru siku ya jua kali, barabara kavu, vumbi hadi puani. Kilikuwa na mchoro wa kigari chenye mistari miwili iliyopinda nyuma yake. Nasuru akakigonga kwa kidole. Hakikuzimika.

"Inasema nini?" akauliza mkewe, jina lake Afisa, aliyekaa kando yake.

"Inasema upuuzi. Inasema tunateleza."

"Kwa vumbi?"

"Si nimekuambia ni upuuzi, Mama Sadiya."

Huyu Nasuru zamani alikuwa dereva wa jeshi. Mwaka wa tisini na nane tunaousema hapa alikuwa mfanyabiashara mwenye kitambi, anapeleka sabuni na chumvi mpakani, na gari lile jeupe la Kijapani ndilo lililokuwa fahari yake mjini Koboko. Alikuwa hachoki kulisifu. Eti tairi likiteleza, gari lenyewe linajua, linapunguza nguvu ya injini hadi tairi lishike ardhi. "Siku zetu," alikuwa akiwaambia wenzake msikitini, "tulikuwa tunajua kwa makalio tu."

Siku hiyo walikuwa wanatoka Lurujo kumwona binti yao Sadiya, aliyeolewa huko na sasa ana mimba ya kwanza. Njia ya Lurujo inashuka bonde lenye kijito, na hadi asubuhi hiyo Nasuru alikuwa hajapita bonde lile tangu mwaka wa kukimbia, wa sabini na tisa, jeshi lilipoanguka na watu wa Koboko wakamiminika Sudan. Kila mara alikuwa na sababu. Njia inavunja springi. Daraja ni bovu. Afisa alikuwa anapakiwa nyuma ya baiskeli ya kukodi, anakwenda bila yeye. Safari hii alilia machozi, mume akaona haya.

Basi kitaa kiliwaka palepale bondeni, na papo hapo gari likajaa harufu. Mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na karafuu, na moshi wa kuni za kujifukizia, ile harufu ya akina mama wa Kinubi, kabila lao, wakitoka ndani siku ya sherehe. Chini yake, tope bichi. Afisa alijinusa mkono. Hakuwa amejipaka chochote. Nywele zilimsimama, kwa sababu aliyekuwa akichanganya karafuu nyingi namna ile alikuwa mtu mmoja tu duniani, mama yake, Mariam Poni, na Mariam Poni alikufa kwa homa mwaka wa kukimbia, akazikwa kando ya njia. Ndivyo alivyoambiwa.

"Unasikia harufu?" akanong'ona.

"Sisikii kitu," akasema Nasuru, huku ameshusha kioo hadi chini.

*

Walilipeleka gari mjini Arua, kwa Anguyo. Anguyo ni Mlugbara, fundi mwenye maneno mengi, gereji yake iko nyuma ya soko. Alifungua boneti, akaingiza kipande cha waya kwenye kisanduku kidogo, akawaita waje waone dashibodi.

"Sasa itakonyeza," akasema. "Hii gari ikiwa mgonjwa inasema yenyewe. Unahesabu kukonyeza, unajua ugonjwa."

Kitaa kikakonyeza, kikapumzika, kikakonyeza tena.

"Nyuma, kulia," akasema Anguyo. "Mama, sikia. Kila tairi iko na jicho yake, sisi tunaita sensa. Inaangalia tairi inazunguka mbio namna gani. Moja ikikimbia kuliko wenzake, sanduku inajua hii inateleza, inakata nguvu ya injini. Basi jicho ya nyuma, kulia, iko chafu. Kazi ndogo."

Akachomoa waya. Kitaa kikaendelea kukonyeza.

"Eeh!" Anguyo akacheka kidogo. "Hii iko na hamu ya kusema."

Akapiga jeki, akafungua tairi, akaingiza mkono nyuma ya breki. Ncha ya sensa ina sumaku, kwa hiyo hujikusanyia unga wa chuma, na huo ndio alioutarajia. Alichotoa kilikuwa kishungi cha nywele. Nywele za mvi, ndefu, zimelowa, nchani zina wekundu wa hina. Zilikuwa zimezunguka ile sensa mara nyingi na kukazwa, kama vile mtu alizifunga kwa makusudi. Harufu ile ikapanda tena, mchana kweupe, katikati ya oili na petroli, na Afisa akaishika nguzo ya gereji asianguke.

"Nywele ya mbuzi," akasema Nasuru haraka. Alikuwa amesimama mbali kuliko wote.

"Mbuzi gani anapaka hina, mzee? Huyo mbuzi iko na harusi?"

"Safisha! Umeitwa kutengeneza gari ama kuuliza mbuzi?"

Anguyo akasafisha. Kitaa kikazimika, wakarudi Koboko. Njia nzima Nasuru alikuwa anatazama kioo cha nyuma, na nyuma hakukuwa na kitu ila barabara.

*

Mambo ya nyumbani yalianza wiki hiyohiyo. Afisa alikuwa jikoni anasonga ugali, jua limesimama utosini, akasikia gari linakwama. Ndiyo, linakwama. Sauti ya tairi linalozunguka bure ndani ya tope, linanguruma, linanyamaza, linanguruma tena. Akatoka na mwiko mkononi. Gari lilikuwa limeegeshwa uani, limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Nasuru aliyekwenda dukani. Ua mkavu. Matairi matatu yana vumbi. La nne, la nyuma, kulia, lilikuwa linatiririka tope jeusi, bichi, tone baada ya tone, na mchanga chini yake haukulowa.

Tangu siku hiyo sauti ilikuja kila mchana. Nasuru akaacha kula chakula cha mchana nyumbani. Akalirudisha gari kwa Anguyo, naye akabadilisha sensa, akapima waya wote, akakagua kile kipete chenye meno ambacho sensa hukisoma, jino kwa jino. Afisa alikuwepo. Alimwona fundi anafuta mikono polepole, bila utani wowote.

"Jicho mpya," akasema Anguyo. "Waya mzima. Meno yote iko. Na bado inaona tairi inateleza. Nimebonyeza ile batani ya kuzima hii kazi ya kukata nguvu, imekataa. Mzee, mimi sipokei tena hii gari."

"Fundi gani wewe unashindwa na taa?"

"Taa haina shida. Taa inasema kweli. Iko kitu inaona." Kisha akamsogelea Afisa, akashusha sauti. "Mama, tafuta watu ya kusoma. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nakuambia, tafuta watu ya kusoma."

Afisa hakungoja aambiwe mara mbili. Alimleta Mwalimu Sule, msomaji wa Kurani hapo Koboko, mtu mfupi, mpole, ambaye wenye majini walikuwa wanamwogopa kuliko bunduki. Sadiya naye alikuwepo siku hiyo, ameletwa sokoni na shemeji yake, amepitia kusalimia kabla ya kurudi Lurujo, maana mzao wa kwanza sharti azaliwe kwa mume. Alikaa barazani na tumbo lake kubwa, anamenya karanga. Baada ya sala ya alasiri Mwalimu Sule aliandika aya kwenye sahani, akaziosha kwa maji, akaanza kusoma huku anayanyunyiza maji yale kwenye lile tairi.

Tairi halikusema kitu. Aliyesema ni Sadiya.

"Afisa," akasema Sadiya, na karanga zikamwagika. Tangu lini binti akamwita mama yake jina? Na sauti haikuwa ya binti wa miaka kumi na tisa. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, yenye mikwaruzo, sauti ambayo Sadiya hangeweza kuikumbuka kwa sababu alikuwa mtoto wa mgongoni mwenye sauti ile alipoondoka. "Afisa, mwanangu. Nani amekuambia homa iliniua?"

Mwalimu Sule akauliza kwa upole, "Wewe ni nani?"

"Muulize mkwe wangu. Yeye anajua mahali nalala. Homa nilikuwa nayo, lakini nilikuwa hai. Wewe, Afisa, ulitangulia na mtoto kwa lori ya wanawake. Mimi niliachwa nije na Landrova ya mume wako, na askari wawili. Waliogopa barabara kubwa, wakapita Lurujo. Ikakwama bondeni. Wakaweka matawi, ikateleza. Wakaweka magunia, ikateleza. Wakaweka mkeka, na mimi nilikuwa ndani ya mkeka." Sadiya alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka. "Tairi ya nyuma, kulia. Ikashika. Ikatoka. Wale wawili nimeshawachukua. Huyu nilimwacha alee mjukuu wangu. Sasa mjukuu amekua. Watu wanapita, ng'ombe wanapita, baiskeli zinapita. Nimechoka kuwa barabara."

"Uongo!" Nasuru alipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. "Jini inasema uongo! Mwalimu, ifukuze!"

"Majini wanadanganya, hiyo ni kweli," akasema Mwalimu Sule. "Basi hii iko rahisi, mzee. Twende mahali ulimzika. Tuchimbe, tuoshe mifupa, tuvalishe sanda, tusome. Kama jini ni mwongo, ataaibika, atakwenda."

"Sichimbi mimi! Mtu amelala, mnataka kumwamsha? Nilimzika vizuri. Nilimzika kwa mikono yangu mwenyewe!"

Hapo ndipo Afisa aligeuza kichwa. Kwa watu wao mkwe hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, hakai mkeka wake, akimwona njiani anapisha pembeni na kuinamisha macho, na akifa, wanamwosha wengine, wanambeba wengine, wanamshusha kaburini wengine, na yeye anasimama mbali. Hata vita haviondoi hiyo. Miaka yote Nasuru alimwambia kwamba askari ndio waliochimba. Sasa ikawa mikono yake.

Afisa alimfuta Sadiya uso, akaokota karanga. Lakini kuanzia siku ile akawa anamtazama mumewe akila, akivaa viatu, akitawadha, na chuki ikawa inamkaa kifuani polepole, inamkaa vizuri, wala haikumtisha.

*

Mvua ilikuja kabla mtu hajaamua lolote. Ilinyesha usiku kucha na asubuhi yote, na mchana akaja shemeji yake Sadiya kwa baiskeli, amelowa, hana hata kiatu. Uchungu umeanza, mtoto amelala vibaya, damu inatoka na haikatiki. Mkunga amesema Arua, hospitali, leo, si kesho. Magari mengine yote ya Koboko yalikuwa safarini au yamekufa. Lililobaki ni jeupe.

Na hapa nimpe Nasuru haki yake: alichukua ufunguo. Alimpenda yule binti kuliko roho yake. Yeye na Afisa walikwenda Lurujo bila shida, shemeji akabaki nyuma na baiskeli yake, kitaa hakikuwaka, bonde liliwapisha kimya. Wakamlaza Sadiya kiti cha nyuma, kichwa juu ya mto, kanga tatu chini yake, na zote tatu zililowa kabla hawajafika mteremko.

Kurudi, bonde halikuwapisha. Kitaa kiliwaka, injini ikanywea kama mtu aliyepigwa tumboni, na gari likakaa. Nasuru akakanyaga mafuta, tairi likazunguka, sanduku likakata nguvu, akakanyaga tena, likakata tena. Akabonyeza ile batani, akaipiga kwa ngumi. Harufu ya karafuu ilikuwa nzito hadi ulimi unaionja. Nyuma Sadiya alikuwa ameacha kulia.

"Njoo hapa kwa usukani," akasema Nasuru. "Mimi nitalisha tairi. Nikisema kanyaga, unakanyaga mafuta, polepole. Mguu wa kulia, hii hapa."

Kulisha tairi ndivyo madereva wa huko wanavyosema: likikwama unalitilia kitu chini yake, litafune, lipate kushika. Afisa, ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli, akakaa kwenye usukani. Mvua ilikuwa imelitia giza bonde zima, saa tisa mchana kama magharibi. Akamwona mumewe kwa kioo cha pembeni akivunja matawi, akiyasukuma mbele ya tairi lile la nyuma, nyuma ya mgongo wake kabisa. "Kanyaga!" Akakanyaga. Likateleza. Nasuru akaleta magunia ya chumvi kutoka buti. "Kanyaga!" Likateleza. Akavua koti lake, akaleta mkeka wa kuswalia, na alipopita dirishani na mkeka ule mkononi, Afisa akamshika mkono.

"Niambie hapa," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi na wewe, na huyu anakufa nyuma. Alikuwa anapumua?"

"Mama Sadiya, si wakati..."

"Alikuwa anapumua?"

Maji yalikuwa yanamtiririka Nasuru usoni, na huenda mengine hayakuwa ya mvua. "Wale vijana walisema amekwisha. Mimi ni mkwe! Ningemgusa namna gani? Ningeweka mkono kifuani kwa mama mkwe wangu? Walimvuta na mkeka, mimi nilikuwa kwa usukani, wanajeshi wa adui walikuwa nyuma yetu, Afisa, tungekufa wote."

"Hukumgusa. Ulisikia?"

Akautazama ule mkeka mkononi mwake.

"Nilisikia sauti," akasema. "Nikasema ni tope."

Afisa akamwachia mkono. "Haya," akasema. "Lisha tairi."

Nasuru akapiga magoti kwenye tope, akauweka mkeka, akauingiza ndani zaidi, bega likaingia chini ya gari, na Afisa, aliyekuwa anatazama kwa kioo huku mguu wake wa kulia umetua palepale alipoonyeshwa, akaona kwamba mkeka unavutwa, kwamba kuna kitu chini ya maji yale ya tope kinaupokea, kinaukunja, na pamoja na mkeka kinapokea vidole, kiganja, kiwiko, taratibu na kwa uangalifu, jinsi mwenyeji anavyompokea mgeni mzigo, na Nasuru aliyekuwa mzito namna ile akawa analala ubavu, shavu likagusa tope, kichwa kikaingia mbele ya tairi.

"Ngoja!" akapiga kelele. "Mama Sadiya, ngoja! Mkono wangu! Imenishika! Usikanyage!"

Nyuma ya gari Sadiya akafumbua macho. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Mwanangu," ikasema ile sauti yenye mikwaruzo, bila hasira, kama mama anavyomwita mtoto aje kula. Haikusema zaidi. Haikuamuru kitu. Ilikuwa juu ya Afisa.

Afisa alimsikia mumewe vizuri, kila neno. Msije mkasema hakusikia. Alifikiria mtoto aliye tumboni mwa mtoto wake. Alifikiria mama yake ndani ya mkeka, anasikia injini inapigwa moto, anajua ni nani kwenye usukani, anashindwa kuita kwa sababu ya homa. Kisha akakanyaga, na si polepole.

Sanduku halikukata nguvu. Tairi lilipata mahali pa kushika, gari likanyanyuka upande mmoja, likashuka, likatoka bondeni na kupanda mlima bila kuyumba.

Msiniulize nani aliendesha hadi Arua. Alipofika getini mwa hospitali Afisa alikuwa amekaa kwenye usukani, mikono juu ya mapaja.

*

Muuguzi aliyempokea Sadiya aliitwa Driciru, mama wa Kilugbara, mikono mikubwa, haraka. Daktari alimpasua Sadiya kabla ya magharibi. Mtoto wa kike, mzima, analia kama ana kesi. Sadiya naye akafungua macho, macho yake mwenyewe, akaomba maji.

Driciru akatoka ukumbini kumpasha habari Afisa, akamkuta amekaa benchi, wima, amejifunga kanga upya. Ukumbi mzima ulikuwa unanuka karafuu.

"Mama, hongera, umepata mjukuu. Lakini huyu binti anataka damu. Tunataka ndugu ya kutoa damu. Baba yake iko wapi? Iko na gari nje?"

"Amebaki bondeni," akasema Afisa.

"Atafika saa ngapi?"

Afisa akamkunjulia mkono wake, mshipa juu, tayari kwa sindano. Sauti iliyomjibu Driciru ilikuwa na mikwaruzo kidogo.

"Toa yangu," ikasema. "Yeye haji. Sisi tutapita juu yake tukirudi."